Ukungu wa Upande wa Ndani

Honi zilikuwa zimechachamaa nyuma yake, na msusi bado alikuwa anasugua kioo cha geji kwa leso. Kituo cha mafuta kilifurika magari asubuhi ile, kila mtu na haraka zake, na mhudumu wa pampu alikuwa anamuuliza tena ajaze kiasi gani. Angejuaje? Mshale wa mafuta ulikuwa umemezwa na ukungu, wa mwendo vilevile. Gari lenyewe, la kijani kilichopauka, alilirithi kwa shangazi yake, na lilimzidi umri.

"Dada, utasugua mpaka leso itoboke," sauti ya kiume ilisema. "Huo ukungu uko upande wa ndani."

Aligeuka. Dirishani aliinama kijana mrefu, bisibisi ndogo imechomekwa mfukoni kifuani, na ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi. Msusi hakuwahi kuona ovaroli iliyopigwa pasi. Akashukuru kimoyomoyo kwamba siku hiyo alivaa gauni lake la njano.

"Na wewe ndiye daktari wake?"

"Hata jina wananiita hilohilo, Daktari. Gereji ya mjomba wangu iko pale ng'ambo. Lilete kabla halijakuzimikia njiani."

Alilipeleka. Daktari alifungua dashibodi taratibu, akaingia chini yake mpaka ikabaki miguu tu nje, kisha akatoka na kipande cha mpira kilichomong'onyoka. Kilikuwa kinaziba tundu la nyaya chini ya wipa. Mvua ikinyesha, maji yanapenya mpaka nyuma ya geji. Akaweka mpira mpya. Likabaki tatizo la kuzikausha geji zenyewe, maana upepo wa kujazia matairi ungepinda mishale.

"Ningepata kitu cha kupuliza polepole," alisema.

"Kama draya ya nywele?"

Msusi alivuka barabara hadi saluni kwake na kurudi na draya. Daktari alipotaka kuwasha moto, msusi alimpiga kikofi cha mkono. "Upepo wa baridi kwanza! Hata kichwa cha mtu hakianziwi na moto." Wakainama wote wawili juu ya geji, mabega yanagusana, wakitazama ukungu ukijikusanya pembeni na kutoweka. Msusi alitamani uchelewe kuisha.

Basi gari likapona, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Daktari alikuwa mtu wa aibu. Msusi akipita, yeye anapunga mkono na kurudi chini ya gari la watu. Siku zikaenda hivyo, kupungiana mikono kama abiria wa meli.

Jioni moja msusi alibeba kapu la taulo mbichi za saluni akazianike nyumbani, akazisahau ndani ya gari, vioo vimefungwa. Kulipokucha geji zote zilikuwa nyeupe. Aliliona lile kapu nyuma ya kiti na palepale akajua. Angeweza kufungua milango, gari lipigwe jua, yakaisha. Badala yake alifuta vioo vya madirisha, akalificha kapu, akaenda gereji moja kwa moja.

"Ukungu umerudi," alisema, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Siku hiyo walikunywa chai pamoja na kupeana namba za simu. Kwa hiyo, taulo zilipolala tena garini, hazikuwa zimesahauliwa.

"Daktari, mgonjwa wako amezidiwa," alimwambia kwenye simu.

"Tena? Mlete haraka. Na mwenye mgonjwa anaendeleaje?"

"Mwenye mgonjwa naye anahitaji kuangaliwa."

"Huyo nitamwangalia kwa zamu mbili."

Shoga yake wa saluni aliyekuwa anasikiliza alikaribia kuangusha chanuo kwa kucheka. "Wewe utakuja kuumbuka," alimwambia. Msusi akampuuza na kwenda kukunja taulo.

Gari likawa mteja wa kudumu. Daktari alitoa kioo cha mbele na kukipachika upya, akafungua hita, akang'oa mazulia, akamwagia maji kila pembe huku akichungulia kwa tochi. Hakuona hata tone. "Ila gari lako linanukia saluni," alisema siku moja akiwa chini ya dashibodi.

"Ulitaka linukie gereji?"

Kisha sauti ikatoka kulekule chini, miguu yake ikiwa imetulia nje: "Nakupenda."

"Sijasikia. Toka huko useme."

"Siwezi kutoka. Nimeshika waya."

Msusi alicheka mpaka machozi. Kuanzia jioni ile aliacha kubeba taulo mbichi, akadhani hesabu imefungwa na hakuna aliyeumia.

Kumbe yupo aliyeumia. Watu walilijua lile gari la kijani, na wanaolijua walikuwa wanahesabu safari zake. Jina la Daktari likageuka, akawa Daktari wa Ukungu, na mteja akija na gari lenye tatizo gumu, hukaa nalo akimsubiri mjomba. Mjomba naye alikuwa mbioni kustaafu. Ilikuwa imeshakubalika kwamba funguo za gereji zitabaki kwa mpwa wake.

Daktari alimpigia mchana mmoja. Sauti ilikuwa imechoka.

"Mpenzi, vipi geji?"

"Kavu kabisa! Umeliponya, daktari wangu."

"Sijaliponya. Limekauka lenyewe. Gari nisilojua limepona kwa nini, sijalitengeneza. Nimemwambia mjomba funguo ampe mtu mwingine. Kaka yangu ananitafutia kazi ya lori kule anakokaa."

"Kwa sababu ya gari langu?"

"Kwa sababu ya mikono yangu. Siiamini tena."

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja, akajiona kwenye kioo kikubwa cha saluni, na akachukia alichokiona. Alimwibia mtu kitu ambacho hakinunuliki dukani. Angeweza kumnong'oneza ukweli faraghani, akambembeleza, wakalimaliza wawili. Lakini Daktari hakuchekwa faraghani.

Alijaza kapu taulo mbichi, akavuka barabara. Gereji yote ilikuwa kwenye chakula cha mchana, mafundi wamekaa juu ya matairi, mjomba katikati yao. Daktari alikuwa pembeni, anafuta vifaa vyake kimoja kimoja na kuvipanga kwenye begi.

"Mjomba, shikamoo. Nina neno, na nataka wote wasikie." Alilitua kapu, maji yakachuruzika sakafuni. "Mpwa wako alilitengeneza gari langu mara ya kwanza, na halikuvuja tena. Ukungu wote uliofuata ni wangu. Nilikuwa nalaza hizi taulo ndani, nafunga vioo, na asubuhi nafuta madirisha asigundue."

"Marahaba," mjomba alijibu kwa kuchelewa, kijiko kikiwa hewani. "Lakini kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka kumwona, na sikuwa na sababu nyingine ya kuja."

Fundi mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Daktari alisogea, akaokota taulo moja, akainusa.

"Harufu nilikuwa naisikia," alisema polepole. "Kila nikiingia chini ya ile dashibodi. Nilidhani ni wewe."

Akairudisha taulo kwenye kapu, akatoka nje. Afadhali angemfokea.

Simu alizompigia hazikupokelewa. Msusi alisuka vichwa vya watu huku akili haipo; shoga yake alipojaribu kumtania, aliona macho yake na kuacha. Kwamba alifanya yote kwa mapenzi hakukumsaidia kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari akinywa chai, huku mtu anayempenda akijilaumu chini ya miguu yake.

Aliyempigia mwishowe ni mjomba. "Mwanangu, funguo amezipokea. Tena watu wanaleta magari wapate kuisikia hadithi ya taulo! Kwa upande wako lakini, hajanena."

"Nashukuru, mjomba. Hilo la kwangu nalistahili."

Aliikata simu akafurahi na kulia kwa pamoja. Siku chache baadaye, kukiwa kumepambazuka vizuri, alivaa lile gauni la njano na kuendesha gari mpaka mlangoni pa gereji. Daktari alikuwa anafungua geti. Ovaroli haikuwa na pasi.

Alikuja dirishani bila salamu, akainama, akatazama geji. Zilikuwa safi, kila mshale unaonekana. Akafungua buti. Akachungulia chini ya viti, akapapasa mazulia kwa kiganja.

"Gari lina nini?"

"Halina kitu."

"Sasa umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja kukuona. Nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Nisamehe. Na kama huwezi, nitageuza gari niende, nawe hutasikia honi yangu hapa."

Daktari aliingia ndani, na msusi akashika ufunguo, tayari kuondoka. Daktari akarudi na draya, waya wake umeviringishwa vizuri.

"Draya yako. Ilikaa huku muda mrefu."

Msusi aliipokea, akaona kila kitu kimekwisha. Lakini mkono wa upande wa pili haukuiachia.

"Nilikuwa nimeificha," alisema Daktari, akitazama chini. "Nilijua siku moja utaifuata. Kumbe na mimi nilikuwa na taulo zangu."

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kapu msusi alipumua mpaka mwisho.

"Kesho utakuja?" aliuliza Daktari.

"Nitakuja."

"Gari likiwa na nini?"

"Gari nitaliacha nyumbani," alisema msusi. "Kesho nitakuja kwa miguu."