Mama wa Kituo cha Tokuse

Ghorofa ya juu ya duka lile kubwa la Umeda, jijini Osaka, ilikuwa imefurika, na lifti zilizidi kutapika watu kabla waliotangulia hawajapata pa kusimama. Mvua ya Juni ilikuwa imewafukuza barabarani, na maonyesho ya reli ndogo za mfano yakawapokea: akina baba wenye kamera shingoni, wazee waliovaa kofia za wakuu wa stesheni bila haya yoyote, watoto waliobebwa mabegani. Katikati ya msongamano huo alikuwa akipenya Chizuru Obara, msichana wa kaunta ya vipodozi ya ghorofa ya chini, sare nyeupe imemkaa sawasawa, midomo imekolea rangi ya zambarau. Treni hazikumhusu. Alikuwa kwenye mapumziko ya mchana na alichokuwa akikitafuta ni kiti.

Badala ya kiti akakikuta kijiji chake.

Kilikuwa juu ya meza, nyuma ya kamba. Mlima ulikuwa na ukungu wa pamba, mto ulikuwa wa gundi iliyokauka ikang'aa, na kituo cha mbao hakikuzidi kiganja cha mkono. Figili zilikuwa zimeanikwa chini ya paa. Baiskeli yenye kutu iliegemea ukuta, na spoku zake zilihesabika. Nje ya choo cha kituo palikuwa na ndoo na fagio. Behewa moja la njano likatoka kwenye handaki, likasimama mbele ya jukwaa, likaondoka tena bila abiria. Chizuru akasogea mpaka kwenye kamba.

"Mti huo umekaa upande usio wake," akajikuta amesema kwa sauti.

Mwanamume mmoja akainua kichwa nyuma ya meza. Alikuwa na kibano mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na gundi kavu kwenye mkono wa shati.

"Upi, dada?"

"Mkaki, huo wenye matunda ya rangi ya chungwa. Unatakiwa uwe kisimani, si chooni."

"Umewahi kufika Tokuse?"

Ukweli ulikuwa mdomoni tayari, ungetoka bila taabu. Chizuru akaumeza.

"Nilipita kwa treni. Mara moja tu."

"Ukapita mara moja, ukauona mti mmoja, ukashika na upande wake?" Yule bwana akacheka. "Mimi ni fundi miwani, kazi yangu kupima macho ya watu, na macho ya namna hiyo sijayaona. Hebu yasogeze niyatazame."

"Wateja wako wote unawatongoza hivi?"

"Wengi wana miaka themanini. Wananikataa."

Jina lake lilikuwa Kyohei Tatsumi. Chizuru alirudi kaunta amechelewa, hajakaa wala hajala, na namba yake ya simu ameshaiacha juu.

Jioni simu ikalia. "Mkaki ulikuwa kisimani!" Kyohei alipiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Nimemuuliza Mama Aburaya. Anasema mwenye macho hayo nisimwachie aende."

"Mama Aburaya ni nani?" aliuliza Chizuru, na jibu alikuwa nalo tangu tumboni.

"Ndiye aliyekuwa akifagia kituo kabla reli haijafungwa. Mimi kule nilifika kituo kikiwa magofu, nikapewa namba yake. Kila kitu nimekitoa kwake: rangi ya madirisha, wapi paka alikuwa akilala. Kijiji kizima ni akina Obara, kwa hiyo wanaitana kwa majina ya nyumba. Kumbe na wewe ni Obara! Pengine ni shangazi yako."

"Akina Obara tumejaa nchi nzima," Chizuru akacheka kicheko cha kaunta. "Mimi ni mtu wa Kobe. Baba yangu daktari."

Basi hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Mama Aburaya alikuwa Sadae, mama yake mzazi. Mume alipomkimbia, Sadae alipewa kazi ya kufagia jukwaa na kusugua choo cha kituo, na chumba cha nyuma cha kulala na bintiye. Kila asubuhi Chizuru alipopanda behewa la njano kwenda sekondari mjini, wenzake walijibana pua. Hakuwa ananuka, alikuwa msafi kuliko wote. Lakini aibu haiulizi kama una kosa. Siku alipohamia Osaka alijiapiza kwamba hakuna atakayejua, na hata simu kwa mama yake akaipunguza mpaka ikawa ya mwaka mpya tu. Mimi simwonei, ila siwezi pia kumtetea.

Mapenzi yakaota. Walikula vitumbua vya pweza vya moto vibandani Tenma, wakigombania cha mwisho. Nyumbani kwa Kyohei kulinuka gundi na rangi, na Chizuru, kucha zake zilizopakwa vizuri zikiharibika, alijifunza kusokota waya ukawa shina na kubandika sifongo iliyosagwa ikawa majani.

"Fundi wangu, mti huu mbona kama ufagio?"

"Huo ni wako, mpenzi. Wangu ndio ule unaofanana na mti."

"Nitakumwagia gundi kichwani."

"Mwaga. Angalau tutanatana."

Siku moja Kyohei alimpigia simu Mama Aburaya mbele ya Chizuru, akaiweka kwenye spika ili mikono ibaki kwenye kibano. Sauti ikajaa chumba, ile lafudhi ya milimani inayovuta maneno. Chizuru aliganda.

"Mama, hivi una watoto?" Kyohei aliuliza.

"Ninaye mmoja. Yuko huko huko kwenu, ana kazi nzuri, duka kubwa."

"Anakuja kukuona?"

"Ana kazi nyingi, mtoto wa watu. Watu wa mjini hawapumziki."

Chizuru akainuka, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa visafi. Simu ilipokatwa Kyohei alimfuata jikoni. "Mtoto gani huyo? Mama kama yule unamwacha peke yake mlimani?"

"Pengine ana sababu," alisema Chizuru, mgongo amempa.

"Sababu gani?"

Chizuru akachukua kikombe kingine. Maji yaliendelea kutiririka.

Juni ikarudi, na maonyesho yakarudi pale pale. Kyohei alimpigia asubuhi. "Mapumziko ukipanda juu, kuna mgeni nataka umwone. Usiniulize, ni siri."

Chizuru alipanda na Reika, mwenzake wa kaunta, yule aliyezoea kumwita binti wa daktari. Wakawasukuma watu mpaka kwenye kamba. Kando ya meza alisimama mwanamke mfupi mwenye kimono ya kijivu ya sherehe, iliyonukia dawa ya nondo, na kifurushi cha makaki makavu amekikumbatia kifuani. Alikuwa ameinama juu ya kile kituo, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Chizuru, huyu ndiye Mama Aburaya!" Kyohei alikuwa anang'aa. "Mama, huyu ndiye mwenye macho yale."

Sadae akageuka. Uso wake ukafunguka wote, mdomo ukaanza, "Chi..."

"Nimefurahi kukufahamu, mama," Chizuru akamkata, akainamisha kichwa kama anavyowainamia wateja. "Karibu sana dukani kwetu."

Mwanamke yule alibaki amefumbua mdomo. Kisha akaufunga. Akainama, akainama zaidi ya alivyoinamiwa, mpaka kifurushi kikagusa magoti.

"Nami nimefurahi, bibie. Kijana alikusifia, kumbe hata hajasifia nusu."

Reika alisikia lafudhi ile, akaficha mdomo kwa vidole na kucheka puani. Na Chizuru, Mungu amsamehe, akacheka naye.

Kyohei alimfuata hadi mlangoni pa lifti. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umemcheka."

"Sikumcheka."

"Nimekuona. Mama wa watu amepanda mabasi tangu alfajiri kuja kuona choo alichokuwa akikisugua, amekiona, amefurahi, na nyinyi mnamcheka kwa sababu hazungumzi kama nyinyi. Mimi mama yangu alikuwa muuza samaki, Chizuru. Angekuwa hai ungemcheka vilevile?"

"Kyohei, hujui..."

"Ninachokijua kinatosha. Rudi kaunta kwako."

Lifti ikafunguka, Chizuru akaingia na Reika. Reika alimwambia asijali, wanaume wa treni wote wana kichaa. Chizuru alisimama mbele ya vioo vya kaunta, kila alikogeuka akikutana na uso wake. Alitamani kumpigia Kyohei ajitetee. Lakini ajitetee na nini? Alikuwa ameshtakiwa kosa dogo. Akisema kweli, litakuwa kubwa. Mtu aliyemcheka bibi asiyemjua anaweza kusamehewa. Aliyemcheka mama yake mwenyewe ataanzia wapi? Akinyamaza, baada ya siku chache angeomba radhi kwa maua, na Kyohei angelainika. Aliijua njia hiyo ilivyo rahisi. Kisha akakumbuka mgongo ule wa kijivu ulivyokunjika, akaona haya mpaka masikio yakamwaka, akamwachia Reika mteja aliyekuwa nusu kapakwa wanja, akakimbilia ngazi.

Watu walikuwa bado wamejazana pale mezani. Sadae alikuwa akimwonyesha mzee mmoja jiko la chumba cha kusubiria. Chizuru akainua kamba, akapita chini yake.

"Mama."

Sadae hakugeuka upesi. Alipogeuka, uso ulikuwa wa mgeni kabisa. "Umenifananisha, bibie. Mimi sina mtu hapa."

"Mama, ni mimi."

"Hapana," alisema kwa upole, akimtupia Kyohei jicho la wasiwasi. "Kijana, dada huyu amechoka. Kazi za kusimama."

Alikuwa anaulinda uongo wa mwanawe, na alikuwa tayari kurudi nao mlimani. Chizuru alishindwa kuvumilia.

"Usinisitiri tena!" alilia, na lafudhi ya Tokuse, ile aliyoizika miaka yote, ikamtoka nzima nzima mbele ya umati. "Mimi ni wa Aburaya. Sina baba daktari. Nililala nyuma ya kituo hiki, dirisha hili hapa. Choo hiki nilikipiga deki na mama yangu kabla ya kwenda shule, na leo nimemcheka. Nimemcheka mama yangu!"

Treni ndogo tu ndiyo iliyosikika, ikizunguka. Sadae alimtazama bintiye kuanzia nywele hadi viatu.

"Deki gani ulipiga wewe?" akasema mwishowe. "Ulikuwa unamwaga maji na kukimbia."

Chizuru akamwangukia kifuani, makaki yakasagika kati yao.

Kyohei alikuwa ameshusha miwani na kuipandisha tena, hajui aiweke wapi. Chizuru alipomtazama, hakumwomba chochote. "Sasa unajua," alimwambia. "Nilikudanganya tangu siku ya mti."

"Nimekasirika," Kyohei alisema taratibu. "Nadhani nitakasirika siku kadhaa." Akamgeukia Sadae, akainama. "Mama, mwezi ujao nikija Tokuse na huyu, nikiwa nimeshapoa, utatupokea?"

"Wewe utalala chumba cha wageni. Yeye atalala na mimi. Hamjaoana."

"Hayo ndiyo tutakayokuja kuzungumza, mama."

Watu wakapiga makofi, na mzee wa kofia ya stesheni akajifuta macho. Chizuru hakupiga makofi wala hakutabasamu. Alikuwa amemshika mama yake mkono, akamwongoza kwenye lifti, wakashuka hadi chini, kwenye taa kali na marashi, ambako Reika na wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya vioo. Uso ulimwaka. Kila hatua alitaka kuuachia mkono ule wenye sugu, na kila hatua aliubana zaidi.

"Reika," alisema. "Yule mama tuliyemcheka ni mama yangu."

Reika alibadilika rangi. Sadae akainama mbele yake, safari hii kidogo tu.

"Naitwa Sadae Obara," alisema kwa lafudhi yake ndefu. "Huyu nimemzaa mimi."