Tumbo la Kuku wa Nanay Epang

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na Ludivina alikuwa ameinama chini ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, akiwafukuza kuku wapande kwenye fito zao walale. Wote walipanda. Akabaki mmoja, tetea mwekundu wa mama mkwe wake, kasimama katikati ya uvungu, miguu kaipanua, mkia kaushusha hadi chini.

"Na wewe una nini tena?" Ludivina akamuuliza.

Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, naye nguvu zilishamwisha zamani. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu hata akikaa, anakaa nusu, maana anajua ataitwa.

Akamshika kuku tumboni. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka, ngozi imewamba, ina joto, imejaa tele. Alipombinya kidogo, ndani palicheza maji.

"We Vina!" Jirani yake, Manang Saling, alikuwa amechungulia juu ya ua. "Huyo kuku kameza boga?"

"Tumbo limevimba, Manang. Labda yai limekwama."

"Mchinje basi unywe mchuzi, mwenzangu! Ona ulivyokonda. Upepo ukivuma tutakufuata mtoni."

"Wa Nanay huyu."

Kicheko cha Saling kikakatika hapo hapo. Akatazama juu, kwenye dirisha la nyumba, kisha akashusha sauti. "Bado tu hajapumzika?"

"Bado."

"Vina, nisikilize. Usimpe mdomo wako yule bibi. Hata alie machozi ya damu."

Ludivina akaitikia kwa kichwa. Hilo alilijua, nani asiyelijua katika kijiji kile? Palikuwa na wanawake wa namna ile, na mwanamke wa namna ile hafi. Anaoza, anakauka, anabaki macho, lakini roho haitoki, mpaka kifaranga cheusi kinachoishi tumboni mwake kipande, kitoke kwa mdomo wake, kiingie kwa mdomo wa mwingine. Hapo ndipo anapumzika. Na aliyekipokea ndiye anayeanza kuwinda mimba za wenzake.

Mama mkwe wake, Nanay Epang, alikuwa anakufa tangu mpunga ukiwa mchanga. Sasa mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mwanawe, mume wa Ludivina, yuko baharini kwenye meli za mizigo. Kila akipiga simu neno lake ni moja: vumilia. Haya, Ludivina akavumilia. Akamwogesha, akamgeuza, akamlisha, hakulalamika. Ila lile ombi alilikataa.

"Njoo, Inday," bikizee alimwambia jioni moja, kwa jina ambalo kwao huitwa msichana yeyote. "Nibusu mdomoni, nipumzike."

Ludivina akageuza uso.

"Basi niitie Merlyn."

Merlyn! Binti wa pekee wa Ludivina, mwenye mimba ya kwanza. Ludivina alikuwa amempeleka kwa wakwe zake ng'ambo ya mto kwa sababu hiyo hiyo, asikanyage pale mpaka bibi azikwe. "Merlyn haji," akasema. "Utakufa bila kumwona, Nanay. Nisamehe."

Ndipo bikizee akakohoa. Akakohoa mpaka akaanguka nje ya mkeka, kinywa chake kikiwa wazi juu ya sakafu ya mianzi. Sakafu zile zina nyufa. Ukimwaga punje ya wali, kuku wa uvunguni ameshaila. Ludivina alisikia kitu kimedondoka. Tep. Halafu ti-ti-ti-ti... miguu midogo sana, chini kwenye vumbi.

Halafu mdomo wa kuku. Kop.

Makohozi, Ludivina alijiambia. Ni makohozi tu, kuku wana tabia mbaya. Akamnyanyua mama mkwe wake, akampangusa, akaenda kufua. Tangu jioni ile tetea mwekundu akaanza kuvimba.

Angemwacha afe. Ni kuku tu, bwana! Lakini Ludivina hakuweza kuona kiumbe kinateseka akapita. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake yeye, na haukuwa na dawa.

Akachemsha maji, akayapoza yakawa ya uvuguvugu, akatia chumvi, akamkalisha kuku kwenye beseni pale chini ya ngazi. Akawasha taa ya mafuta. Kuku akatulia, macho nusu. Ludivina akapaka kidole mafuta ya nazi, akapima taratibu kutafuta yai.

Yai hakuna.

Palikuwa na maji tu. Na ndani ya maji, kitu kilimgonga kidole.

Akautoa mkono upesi. Juu, mianzi ikalia... kriii. Mama mkwe, asiyeweza kujigeuza mwenyewe, alikuwa amejigeuza. Sauti ikashuka kwenye nyufa, nyembamba.

"Inday... usimwache afe na maji hayo."

"Nashughulika, Nanay. Lala."

"Mtoe maji... mwanangu."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita mwanangu. Ludivina akafuta jasho. Akaleta kasha la marehemu baba yake, aliyekuwa mshika majogoo wa kupigana, akachagua sindano nene, akaichoma kwenye moto wa taa. Alijua pa kuchoma: ubavu wa kulia, chini kabisa, pole pole, usiguse utumbo. Maji yakaanza kutoka. Ya manjano, kama chai ya jana. Yalinuka kitu kilichofungiwa muda mrefu. Tumbo likashuka, likashuka, kuku akavuta pumzi, na Ludivina naye, jamani, akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa siku nyingi kufanya jambo likatengemaa.

Maji yakakatika.

Kilichobaki ndani kikaanza kupanda.

Alikiona kwa macho yake. Uvimbe, mdogo, chini ya ngozi. Ukapita kifuani. Ukaingia shingoni. Kuku akapanua mdomo, hewa haiingii, undu wake wa kichwani ukageuka zambarau, mabawa yakapiga beseni, pa, pa, pa! Juu pakawa kimya. Kimya cha mtu anayesikiliza.

Kuku anakufa mikononi mwake.

Na sasa elewa, msikilizaji, usimwite mjinga. Jogoo akikabwa na damu katikati ya pambano, mshikaji hakai kufikiri. Anakitia kichwa cha jogoo kinywani mwake, anafyonza, anatema, jogoo anarudi ulingoni. Ludivina alifundishwa hivyo na baba yake kabla hajajua kusoma. Mdomo wa bibi alikuwa ameukwepa miezi yote ile. Wa kuku, nani angeukumbuka?

Akauweka kinywani. Akafyonza.

Hayakuwa maji.

Kilikuwa kikavu. Kina manyoya laini. Kikamkanyaga ulimi kwa vikucha, ti-ti-ti, kikateremka kabla hajawahi kutema.

Juu, pumzi ndefu ikatoka. "Aaah... ahsante, mwanangu."

Kisha basi.

Alipopanda ngazi alimkuta Nanay Epang amekufa, uso umelainika kama wa msichana aliyelala. Ludivina akashuka mbio hadi nyuma ya nyumba, akatia vidole kooni, akanywa siki, akatapika. Ulitoka wali. Wali mtupu. Uvunguni yule tetea alijikung'uta maji, akaruka fito, akalala na wenzake.

Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Alikuwa hoi. Nani hasikii kitu cha ajabu akiwa hajalala vizuri tangu mpunga ukiwa mchanga? Akaosha maiti, akapokea watu, akagawa kahawa.

Siku ya pili ya matanga Merlyn akaja, tumbo mbele, pakiti za biskuti mkononi. Bibi alikuwa amekufa. Hapakuwa tena na cha kumkataza. Ludivina alipomwona getini machozi yakamtoka kwa furaha. Kwa hili alikuwa amevumilia yote.

"Mama! Mbona umekuwa mti mkavu hivi? Ukimaliza matanga unakuja kwangu ulale wiki nzima, sitaki maneno."

Ludivina akafungua mikono amkumbatie. Harufu ikamfikia kwanza. Nzuri, tamu, nzito.

"Umeleta fenesi, mwanangu?"

"Fenesi gani, Mama? Msimu umeisha. Biskuti hizi tu."

"Fenesi bivu. Lanukia nyumba nzima."

Manang Saling, birika mkononi, akasimama. Kahawa ikamwagika mezani na hakuna aliyeipangusa. Watu wa kijiji kile wanajua ni nani anayemnusa mjamzito akasikia fenesi bivu. Watoto wa shule wanajua. Merlyn akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, akarudi nyuma hatua moja, bado akimtazama mama yake usoni.

Ludivina akafungua mdomo amwambie, kimbia, mwanangu, rudi kwa wakwe zako sasa hivi.

Mate yakamdondoka.