Kiu Ndani ya Pipa

Pombe ikichacha vizuri hutoa povu, na chini ya povu huelea makapi ya kimea. Hilo Mama Pipa alilijua tangu usichana wake. Jina lenyewe alipewa na wateja wa pombe yake. Lakini vilivyoelea asubuhi ile havikuwa makapi. Vilikuwa vipande vyeupe, vyembamba, vimekunjamana kingoni. Akavitoa kwa kata, akavimwaga nje, akafunika pipa. "Kimea kibovu hiki," alinong'ona, ingawa kimea alikiotesha mwenyewe.

Kesho yake vilikuwa vimerudi, tena vingi. Mzee mmoja mpiga soga akachungulia kikombe chake.

"Mama Pipa, leo umetupikia supu?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka nao shingo upande. Mzee akachomoa kipande kwa kidole, akakinyoosha, na mzaha ukamtoka.

"Hii ngozi, mama. Ngozi ya midomo, kama ya mgonjwa wa homa."

Akaweka kikombe chini, akaondoka. Waliobaki hawakumaliza vyao.

Midomo ya namna hiyo Mama Pipa aliijua. Mama mkwe wake alikufa kwa homa mwezi uliopita, kwenye chumba kinachopakana na jiko la pombe. Mchana wa siku yake ya mwisho aliita akiomba maji. Mama Pipa alikuwa anachuja, na kazi ya kuchuja ukiikatiza pombe yote inageuka siki. "Nakuja, mama," alisema. Akachuja mpaka pipa likajaa. Alipoingia na kikombe, yule mama hakuwa na haja nacho tena. Mumewe, fundi seremala aliyempenda mama yake kama mboni ya jicho, aliambiwa kwamba amefia usingizini. Akiujua ukweli, ndoa itakuwa imekwisha.

Mchana uliofuata, jua likiwa utosini, alisikia mtu akinyonya kitu ndani ya pipa. Alisimama na ufagio mkononi, akijidanganya kwamba ni povu, huku harufu ya shuka za mgonjwa ikipanda kutoka chini ya kifuniko kilichokuwa kikitikisika, na ile sauti ya midomo mikavu ikivuta, ikipumzika, ikivuta tena, mpaka ikaacha kunyonya na kusema taratibu, kwa upole uleule wa siku ile: "Mwanangu, maji."

Alitoka mbio bila kandambili hadi kwa bibi mganga, akamsimulia yote.

"Wafu hawarudi, binti yangu," bibi alisema. "Hilo ni jini. Limekuta kiu ya mtu imeachwa, likaivaa. Sasa linakula siri yako. Mwambie mwenye mama, mumeo."

"Ataniacha, bibi."

"Basi kaa nalo."

Akamkuta mumewe kwenye karakana yake uani, anapiga randa. Akamwambia yote akiwa ameinamisha kichwa. Randa ikasimama. Alingoja kofi, alingoja tusi, lakini mwanamume alikaa tu juu ya ubao na kufuta vumbi usoni.

"Nilimsikia," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa hapa hapa. Aliita mara nyingi. Nilikuwa namalizia kabati la watu, nikasema mke wangu yuko karibu naye, ataenda."

"Hukuniambia."

"Ulipokuja kusema amefia usingizini, nilijua unanidanganya. Nikakushukuru moyoni."

Wakaenda pamoja kufunua pipa. Pombe ilikuwa safi, povu jeupe, hakuna kilichoelea. Mama Pipa akashusha pumzi, akalia kwa aibu na nafuu pamoja, na mumewe akamshika bega.

Ndipo sauti ikaita, si kutoka pipani tena, bali kutoka chumba cha pili, kitandani: "Maji, wanangu."

Mtungi wa maji ulikuwa hapo, na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mume akamtazama mkewe, mke akamtazama mumewe, na kila mmoja akangoja mwenzake aende.