Huko Aliko Hakuna Mtandao

Jamani, leo naiweka sindano chini niseme. Msidhani ni umbea. Mwenye kosa mwenyewe alikuja hapa kibarazani, akakaa kwenye kile kiti changu cha wateja, akaniambia, "Dada fundi, wewe hadithi zako watu wanazisikiliza. Waambie na yangu." Basi nawaambia. Mwenye masikio na asikie, na mwenye simu mbili asikie mara mbili.

Asubuhi za mtaa wetu zilikuwa na mwenyewe. Kwenye nyumba ya mlango wa kijani, mkabala na cherehani yangu, alikaa mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama Redio. Jina lenyewe linajieleza. Kabla jua halijashika paa, alishasimama mlangoni na kanga begani, anatugawia salamu nyumba kwa nyumba. "Fundi! Umeamka au umejishonea kitandani?" Mimi nacheka, kinyozi wa jirani anacheka, hata wapita njia wasiomjua wanacheka. Alikuwa na sauti nene, ya kujaa, ya mtu ambaye hajawahi kunong'ona maishani. Akiita mjukuu upande huu, mtoto anasikia upande wa pili wa barabara, na watoto wa watu wengine wanaitika pia.

Alikaa na mkwewe, mjukuu, na mwanawe wa pekee. Mwanawe huyo mtaani tunamwita Rubani. Usukani hajawahi kushika hata wa baiskeli, lakini kwa kupanda ndege, hana mfano. Anauza vipuri vya pikipiki, na vipuri vyenyewe anavifuata nje. Leo yuko hapa, kesho hayupo, na mwezi haujaisha anaondoka tena. Mamake peke yake ndiye ambaye hakumwita Rubani. Yeye alimwita Kifaranga, mbele za watu, mwanamume na ndevu zake.

Sasa huyu Rubani, kwa mambo ya simu za safarini, alikuwa mwalimu. Akikaa pale kwa kinyozi, watu wote kimya. "Sikilizeni," anasema, "ukipanda ndege, zima data ya laini ya nyumbani. Ukiisahau iko wazi kwenye nchi ya watu, salio linanyonywa lote hata begi hujalipokea. Ukifika, nunua kifurushi cha wasafiri au weka laini ya wenyeji. Na video usiziache zijifungue zenyewe, zitakukausha." Alisema kweli tupu. Mimi mwenyewe nilipokwenda kumwona dada yangu ughaibuni, elimu hiyo ndiyo iliyonifaa. Tatizo la Rubani halikuwa kutojua.

Safari yake ya kwanza kabisa hakudanganya. Aliacha data wazi, salio likayeyuka, akawa kisiwani kwa siku zote alizokaa huko. Aliporudi alimwomba mamake radhi, na mkewe pia. "Huko hakukuwa na mtandao," akasema. Akasamehewa vizuri. Kumbe msamaha ule ulimwonjesha kitu. Alikuwa amekaa siku kadhaa bila kuambiwa gesi imekwisha, mtoto anakohoa, bati linavuja. Akaona raha.

Tangu hapo akawa na simu mbili. Ya safari ilijaa kifurushi mpaka kinamwagika, na namba yake wanayo wateja na marafiki. Ya nyumbani, yenye namba anayoijua mamake, ilizimwa akiwa bado uwanja wa ndege, ikavishwa soksi na kulazwa chini kabisa ya begi. Ndiyo, soksi. Kaniambia mwenyewe.

Nyumbani wakazoea. Ukimuuliza mkewe habari za mwenziwe, anajibu, "Huko aliko hakuna mtandao, fundi." Ukimuuliza Mama Redio, ndiyo kabisa: "Mwanangu anahangaika nchi hazina hata simu, maskini, ili sisi tule." Anasema kwa fahari! Na bati likivuja, mke anapanda mwenyewe.

Sauti ya Mama Redio ikaanza kukwaruza. Tukadhani vumbi, tukadhani mafua. Tukamtania kwamba redio imeishiwa betri. Alimwambia mwanawe siku anafunga begi, na Rubani akajibu huku anapima uzito wa mzigo, "Mafua hayo, mama. Kunywa maji ya moto." Akaondoka.

Hayakuwa mafua. Mkwewe alimpeleka hospitali, wakamwingiza kipimo kooni, wakaona uvimbe umeshika mahali penyewe sauti inapotoka. Daktari alikuwa mtu muungwana, akakaa chini ndipo akasema. Uvimbe lazima utolewe haraka, na hapo mahali paondoke pamoja nao. Mama ataishi, atapumulia tundu dogo shingoni, lakini hatasema tena.

Mama Redio akauliza kitu kimoja tu. "Naweza kumsubiri mwanangu arudi?"

"Hapana, mama. Tukingoja, utakuja kukosa na pumzi."

"Basi nitafutieni nimsikie. Nataka nimwite mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye aitike. Hilo tu. Mkinipa hilo, nikateni."

Mkwewe akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, akapiga mchana, akapiga mpaka simu ikawa moto mkononi. Siku ya mwisho kabla ya upasuaji akaja mbio mtaani, moja kwa moja kwa kinyozi, kwa sababu kinyozi ndiye mjuzi wetu wa mambo ya simu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea kinyozi vitambaa vya kuwafunga wateja shingoni, naye alikuwa na mteja ana povu nusu ya uso.

"Shemeji," mke akasema, anahema, "nisaidie. Hivi hakuna njia yoyote ya kumpata mtu aliye mahali hakuna mtandao?"

Kinyozi akashangaa. "Nani, Rubani? Mbona yuko hewani sasa hivi?"

Akageuza simu yake iliyoegemezwa kwenye kioo. Ndugu zangu, nilitamani sakafu inimeze, na mume si wangu. Rubani alikuwa mubashara, anatembea kwenye duka refu la vipuri, anawaonyesha wateja minyororo na taa, meno yote nje. Mkewe na jamaa zake wote alikuwa amewafungia ukurasa ule wasiuone. Kinyozi alimsahau, kwa kuwa kinyozi si ndugu. "Karibuni, karibuni!" anasema. "Hata msiogope picha kukwama. Mtandao wa huku unawaka kama moto wa petroli!"

Mteja mwenye povu akainamisha kichwa. Mke alisimama vile vile, mkoba kwapani, akiangalia ile simu. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi hakikuwa uongo wa mumewe. Kilichomuuma ni kukumbuka mara zote alizotutangazia uongo huo sisi, huku nusu yetu pengine tunajua.

"Mwandikie," akamwambia kinyozi kwa sauti ndogo. "Mwandikie hapo hapo chini."

Namba ya simu ya safari kinyozi hakuwa nayo, basi akaandika, vidole vina sabuni: *Mamako anaingia upasuaji kesho asubuhi. Anataka kukusikia. Piga nyumbani.*

Tukamwona Rubani akiyasoma. Macho yalisimama, mdomo ukabaki wazi kidogo. Kisha, Mungu anisamehe kwa nilivyomtukana moyoni, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa, akasema, "Jamani, naona mtandao unakatakata." Picha ikazimika.

Hapa mtaniuliza, huyu ni mtu au gogo? Ni mtu. Nami nilimuuliza hivyo hivyo alipokaa kwenye kile kiti. Akanijibu hali kashika kichwa. Alisema mkono ulikwenda kwenye begi, akaivua simu ile soksi, akaiwasha. Akaanza kufikiri atasema nini. Akipiga sasa hivi, dakika hii hii aliyoonekana hewani, mkewe atajua, mamake atajua, miaka yote ya "hakuna mtandao" itaanguka kwa siku moja. Akaona aibu. Akajiambia: nitapiga kesho, niseme nimetembea mbali nikakuta mahali simu inashika. Upasuaji ni upasuaji, watu wanafanyiwa na wanatoka. Hakujua ni upasuaji gani. Hakujua kwa sababu hakuuliza. Akaizima tena simu, ili isiite kabla uongo haujaiva.

Hospitalini, mke alimkuta mama ameketi kitandani, ameshavalishwa nguo za kesho, anamngoja mlangoni kwa macho.

"Umempata Kifaranga?"

Mke alikuwa na ukweli mdomoni. Angeusema. Lakini akamwangalia mama yule, aliyebakiwa na siku moja ya kusema, akaona aibu kwa niaba ya mumewe. "Mtandao, mama," akasema. "Huko aliko hakuna mtandao."

"Maskini mwanangu," mama akasema.

Muuguzi akashauri mama arekodiwe, sauti ibaki. Mama kwanza alikataa. "Nikiongea na hiyo, itaniitika?" Mkwe akambembeleza sana, mwishowe akakubali. Akajitengeneza kanga utadhani anapigwa picha, akasema maneno yake, mafupi. Asubuhi wakampeleka.

Rubani alipiga jioni yake, mama ameshazinduka. Alikuwa ameupanga uongo vizuri, una mlima ndani, una na mlinzi aliyemwazima chaja. Mkewe akapokea.

"Mke wangu, nimehangaika, ndiyo kwanza nimepata mahali pa..."

"Unataka kuongea na mama?"

"Ndiyo, nipe mama."

"Sema. Nimemwekea sikioni. Yeye anakusikia."

"Mama! Mama, shikamoo! Ni mimi. Mama?" Akasikia pumzi tu, pumzi yenye mluzi mdogo. "Mama, mbona huitiki?"

Mkewe akaichukua simu, akatoka nayo nje mama asisikie. "Haitiki kwa sababu sauti wameiondoa. Alikuomba jana. Mtandao ukakukatikia kwenye duka la vipuri."

Aliporudi hakupita mtaani na mabegi yake kama kawaida, akigawa kofia na kalamu. Alipita kichwa chini, na mtaa ukamwangalia hivyo hivyo kimya. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angepumua.

Akamkuta mamake mlangoni, pale pale pa siku zote, kitambaa cheupe shingoni. Akapiga magoti kwenye simenti. Mkewe alikuwa hajamwambia mama kitu. Rubani akasema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye cherehani yangu. "Mama, mtandao ulikuwepo. Safari zote ulikuwepo. Nilizima simu kwa makusudi. Nitukane, mama. Nitukane hata tusi moja."

Mama Redio akafumbua mdomo. Tukaona midomo inakwenda, na kitambaa kikapanda na kushuka. Hatujui alisema nini, na Rubani hatajua mpaka anakufa. Alipochoka kujaribu, machozi yakamtoka, akaingia ndani akamwacha pale chini.

Ndipo mkewe akamletea ile simu yenye sauti iliyorekodiwa. Aliisikiliza akiwa bado amepiga magoti, na mimi niliisikia ng'ambo ya barabara, sauti yetu ya asubuhi, imekwaruza lakini ndiyo yenyewe:

"Kifaranga wangu. Nilitaka uniitike, basi haikuwa riziki. Usije ukajilaumu hata siku moja. Wewe si wa kunyamaza bure, mimi nakujua. Najua huko uliko hakuna mtandao."

Hiyo ndiyo sauti pekee ya mamake aliyobaki nayo duniani, na imebeba uongo wake mwenyewe. Kila akiisikiliza, inamtetea. Aliniambia angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua matusi.

MAFUNZO

Wasafiri, sikilizeni. Kujua kupanga vifurushi ni jambo jema: zima data, nunua cha wasafiri, zuia video, fanyeni yote hayo. Lakini katika mpango wako, nyumbani wapangie kwanza. Waachie namba ya huko. Kubalianeni saa ya kupigiana. Kama umechoka na habari za gesi na bati, sema umechoka, hakuna aliyekufa kwa kuambiwa hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, na wanaoumia barabarani si yeye tu.

Nanyi mliobaki nyumbani, msifunike. Uongo wa Rubani ulipita kinywani mwa mkewe, ukaishia kinywani mwa mama asiye na hatia.

Na aibu, ndugu zangu. Rubani angepiga siku ile, angefedheheka kwa muda wa simu moja, na mamake angepata kuitikiwa. Aliikimbia aibu ndogo, sasa anaishi nyumba moja na kubwa.

Siku hizi laini ya nyumbani haizimwi. Kila siku akiwa safarini anapiga, mkewe anamwekea mama sikioni, naye mama anagonga simu kwa kucha kuonyesha amesikia. Mimi ndiye ninayemshonea vitambaa vya shingo. Asubuhi anasimama mlangoni na kanga yake, ananipungia mkono, nami namwamkia kwa sauti kubwa, kisha najijibu mwenyewe.

Aliye na mama anayepatikana, na aiweke hadithi hii chini sasa hivi, ampigie.