Mlonge wa Daeng Caya

Kijiji chetu cha Batulohea kilikuwa kimebakiwa na mlonge mmoja tu, na ulikuwa uwanjani kwa mtu ambaye hakuna aliyetaka kumkuta jua likizama.

Ndiko nilikokuwa naenda.

Mdogo wangu Mantasia alikuwa na siku ya tano tangu ajifungue. Mtoto mzima, analia kwa nguvu kama anayedai haki yake. Mama yake ndiye aliyekuwa anaisha. Homa haishuki. Damu haikati. Mkunga wa zahanati alikuja asubuhi, akamchoma sindano, akasema ikifika jioni hajapata nafuu apelekwe mjini. Jioni ikafika, nafuu hakuna. Mumewe, Nyarrang, akapanda pikipiki kwenda kutafuta gari.

Nilikuwa namkanda kwa kitambaa aliponishika mkono.

"Dada... kuna kitu huku chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya sakafu. Kinalamba."

Nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo. Kule chini ndiko tunakofunga mbegu za mwani kwenye kamba, na ndiko kuku wanakolala. Sakafu ni ya mianzi, unaweza kupitisha kidole kati ya ufito na ufito. Nikamwambia ni mbwa tu.

"Mbwa haniiti jina," akasema.

Nikaweka kitambaa chini.

"Mama alikuwa anamtandikia mzazi majani ya mlonge kitandani, kibaya kisimkaribie. Unakumbuka? Nitafutie, Dada. Leo hii."

Tulikuwa na milonge mitatu uwanjani, lakini ilikuwa imekatwa mwezi ule kwa ajili ya viwavi, na majirani nao wakakata yao. Nikachukua kikapu.

Kwenye ngazi nikamkuta Daeng Ngintang (Daeng ndivyo tunavyomwita mkubwa kwa heshima), shangazi yake Nyarrang, ameketi anaparua samaki. Mama huyu ndiye aliyemlea Nyarrang tangu akiwa mdogo. Alikuwa amehamia kwetu wiki mbili kabla ya uzazi, na kwa kweli bila yeye nyumba ingetushinda. Anapika, anafua, na ukikaa naye hufungi mdomo kwa kucheka.

"Magharibi yote hii umejifunga kanga vizuri hivyo, unakwenda wapi? Umepata mchumba, hutuambii?"

"Kwa Daeng Caya. Kuomba mlonge."

Tabasamu lilibaki pale pale. Kisu ndicho kilichosimama.

"Kwa yule? Rannu, mwanangu, una akili wewe? Mgonjwa yuko ndani, halafu unakwenda mwenyewe kumwonyesha njia?"

"Mantasia ndiye aliyetaka."

"Mantasia ana homa. Mwenye homa hutaka mengi." Akarudi kuparua. "Haya, nenda. Ila usije ukasema sikukwambia."

Sikuwa na haja ya kuambiwa. Daeng Caya alikuwa mjane, nyumba yake ya mwisho kabisa, ng'ambo ya vichanja vya kuanikia mwani. Hakuwa anakula shughulini. Hakuwa anamtazama mtu usoni. Katika miaka miwili wanawake watatu waliotoka kujifungua walikufa kijijini, na kila mara kulikuwa na mtu aliyemwona akipita karibu. Watu walikuwa wakilisema lile neno kwa sauti ya chini. *Parakang*. Mchana ni jirani yako, mnafunga mwani pamoja, mnaazimana chumvi. Jua likizama anaacha umbo lake, anamtafuta mgonjwa au mzazi, na kumla kutokea ndani, kidogo kidogo, mpaka anakufa na ngozi yake haina hata mkwaruzo.

Nilimkuta amesimama chini ya mti wake. Kifungu cha majani kilikuwa tayari mkononi.

Sikuwa nimebisha hodi.

"Umechelewa," akasema, uso ameugeuza pembeni. "Tangu jana nilijua mtu wa nyumba yenu angekuja."

"Ulijuaje?"

"Ninyi mnanukia mpaka huku."

Nusura nikimbie. Akanisogezea majani, nami nikayapokea kwa ncha za vidole.

"Milonge yenu ilikatwa na nani?"

"Vijana wa hapo. Ilikuwa na viwavi."

"Viwavi vilikuwepo tangu bibi yako. Nilikuuliza, nani alisema ikatwe?"

Nikafungua mdomo nijibu. Ndipo nikakumbuka.

Daeng Ngintang. Wiki ile ile aliyohamia. Yeye ndiye aliyewapikia vijana kahawa, na ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwaambia majirani jinsi viwavi vinavyowasha watoto.

"Basi," akasema Daeng Caya, kama aliyenisikia. "Mimi ndiye mbaya, na mimi ndiye mwenye mlonge. Fikiria mwenyewe." Akashusha sauti. "Usipande moja kwa moja. Tazama chini kwanza. Ukikuta kitu, usikiite jina. Kipige mara moja. Moja tu. Ukipiga ya pili, umekiponya."

Nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nagombana na kichwa changu. Huyu mwanamke ananisaidia, au ananituma? Anayesema hivyo anajuaje? Mbona majani yalikuwa tayari?

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha nilipofika. Bado kulikuwa na mwanga kidogo, ule wa kijivu, unaokuonyesha umbo lakini si sura. Juu taa ilikuwa inawaka. Samaki wale walikuwa kwenye ngazi, nusu wameparuliwa, nzi wamejaa. Mtu hakuwepo.

Kuku hawakuwa wamelala. Walikuwa wamejibana wote kwenye nguzo moja, kimya.

Harufu ikanipiga. Damu... na maziwa yaliyochacha.

Kisha nikasikia.

Lap... lap... lap...

Taratibu. Kama paka kwenye sahani.

Nikainama. Kati ya kamba za mwani, chini kabisa ya pale alipolala mdogo wangu, palikuwa na mbwa. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuona. Lakini mbwa haumbwi vile. Nyuma yake ilikuwa juu kuliko mbele, kama mtu anayetambaa kwa mikono bila kukunja magoti. Kichwa kilikuwa kimegeuzwa kutazama juu, na ulimi wake ulikuwa unapita kwenye nafasi za mianzi.

Mchi wa kutwangia mpunga ulikuwa umeegemezwa ngazini. Sikumbuki kuushika. Nakumbuka uzito wake ukishuka.

Ukatua begani. Nikasikia mfupa.

Hakikubweka. Hakikulia. Kikalala ubavu, kikihema, halafu kikaongea kwa sauti ya Mantasia.

"Dada... tena."

Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Inauma, Dada. Nimalizie. Piga tena."

Nikauinua mchi. Nasema kweli, niliuinua. Sauti ile niliilea mimi, niliifundisha kusoma, na ilikuwa inaniomba.

Juu ya kichwa changu, Mantasia wa kweli akakohoa.

Nikautupa mchi, nikapanda ngazi kwa magoti. Alikuwa macho, jasho linamtiririka. Nikamtandazia majani pande zote, mwilini, chini ya mto, kwa mtoto. Jikoni sufuria ilikuwa inafurika juu ya moto na hakuna mtu.

Baada ya muda mlango wa nyuma ukafunguka. Daeng Ngintang aliingia ameukumbatia mkono wake wa kushoto, uso umelowa.

"Nilikuwa chooni. Nimeteleza," akasema. Akayaona majani. Hakuvuka kizingiti. "Yananipa chafya hayo. Nitakaa huku huku."

Gari lilikuja saa mbili. Mjini daktari alisema ni kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni, akakitoa, akatuambia tungechelewa mpaka asubuhi tungekuwa tunaongea mengine. Mantasia akapona. Ningependa hadithi iishie hapo.

Kesho yake nilirudi kuchukua nguo, nikakuta wanaume wamejaa chini ya nyumba yetu. Daeng Caya alikuwa ameokotwa alfajiri chini ya mlonge wake, bega la kushoto limevunjika. Alisema alipanda kuchuma majani mengine ya kutuletea, akaanguka. Na mchi wetu ulikuwa umekutwa na damu. Watu walikuwa wameshajumlisha.

Mkuu wa kijiji, Daeng Tompo, akaniita mbele.

"Rannu, ulipiga kitu jana?"

"Nilipiga."

"Wapi?"

"Begani."

Watu wakaguna. Kwenye ngazi Daeng Ngintang alikuwa ameketi, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa na kutundikwa shingoni. Hakuna aliyemtazama. Kwa nini wamtazame? Yeye aliteleza, na yeye ndiye aliyekuwa amewapikia kahawa waliyokuwa wanakunywa.

"Alikuwa nani?" akauliza Daeng Tompo.

"Kulikuwa na giza..."

"Sema, mwanangu," Daeng Ngintang akaniambia kwa upole. "Watu wana kazi zao. Usiogope."

Macho yake hayakuwa na upole wowote.

Nilifikiria Nyarrang, ambaye hajui mama mwingine. Nilifikiria nani angenisadiki. Nilifikiria pia yale majani yaliyokuwa tayari mkononi kabla sijabisha hodi. Bado sikuwa na hakika, wallahi sikuwa nayo.

"Sijui," nikasema.

Hilo liliwatosha.

Walimpakia Daeng Caya kwenye gari la mizigo mchana ule, apelekwe kwa ndugu zake mlimani. Alipopita mbele yangu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake kwa karibu. Yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama wali. Hakuwa anatazama watu kwa sababu hakuwa anawaona. Nikajisikia kufa. Halafu sauti nyingine ikaniuliza: asiyeona anapandaje mti alfajiri?

Sauti ile haijanyamaza mpaka leo. Mlonge wake waliukata kabla ya alasiri. Tulisikia alikufa huko huko mlimani, mwezi haujaisha.

Daeng Ngintang tuliishi naye miaka mitatu zaidi. Mtoto alimpenda kupita kiasi. Mimi sikulala siku hata moja ambayo ndani ya nyumba ile kulikuwa na mgonjwa.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mwani, akaanguka. Siku ya kwanza tukadhani amekufa, tukamfunga kidevu. Akavuta pumzi. Siku ya pili vivyo hivyo, mara mbili. Imamu akasoma, akachoka, akaenda nyumbani. Wazee wakaanza kupata udhuru mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mtu wa namna ile hawezi kuondoka mpaka amkabidhi mwingine alicho nacho, na akikwambia pokea, usijibu lolote, hata kama ni mama yako.

Siku ya tatu, jua la saa sita liko utosini, nilikuwa peke yangu naye. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Pokea..."

Nikauziba mdomo wangu kwa mikono miwili.

"Pokea, mwanangu... nimechoka... pokea..."

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuthubutu hata kuvuta kamasi. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, lile tabasamu lake la zamani la mizaha, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji kando ya mkeka, akakiinua juu, na kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi akaita:

"Mantasia! Njoo upokee!"

Mdogo wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Aliingia mbio, mikono anaipangusia sketi.

"Usi..." nikasema.

"Haya, Shangazi, nimepokea," akasema Mantasia, akakichukua kikombe.

Daeng Ngintang akakata roho hapo hapo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto.

Mantasia akainamisha kikombe, akachungulia ndani.

"Mbona hakina kitu?" akaniuliza.

Ni miezi minne sasa. Sijamwambia mtu. Mdogo wangu ni yule yule, anacheka, anafunga mwani, ananiita Dada. Nyarrang anasema amenenepa, anafurahi. Jirani yetu Kasmawati amejifungua juzi zahanati, mtoto wa kike, na anarudi nyumbani kesho.

Tangu asubuhi Mantasia ameniuliza mara tatu kama najua watamlaza chumba gani.