Ukuta Ndio Njia ya Mama

Mama yangu haoni. Lakini usimwonee huruma. Atakuchapa maneno mpaka uutafute mlango.

Kazi yake ni kusuka viti. Mwisho wa mtaa wetu kuna karakana ya seremala. Seremala anaunda kiti, mama anasuka pa kukalia kwa kamba. Kila asubuhi hutoka peke yake. Mkono wa kulia unashika fimbo nyeupe, wa kushoto unagusa ukuta. Anapita ukuta wa nyumba yetu, wa duka la dawa, wa kinyozi. Ni hatua mia mbili na kumi, kisha anasikia msumeno. Amekwenda hivyo miaka kumi na tisa, na hataki kushikwa mkono.

"Mimi si mkoba," husema.

Mimi, binti yake, ni fundi cherehani. Nashona nyumbani na kuwapelekea wateja nguo zao. Zilipokuja skuta za umeme za kukodi, nilifurahi mno. Ni chombo cha magurudumu mawili, unasimama juu yake na kushika usukani. Unaifungua kwa simu, unakwenda, unaiacha unakofika. Tatizo lilikuwa hapo pa kuiacha. Watu walizilaza mlangoni, kituoni, hata katikati ya njia ya miguu. Mimi nilijiona mstaarabu. Yangu niliiegemeza ukutani, ili watu wapite.

Asubuhi moja nilirudi mbio kuchukua suruali ya mteja. Nikaiegemeza skuta ukutani, nikaingia chumba cha kushonea. Mama alikuwa chumbani kwake anavaa viatu. Akatoka. Mara nikasikia kishindo.

"Jamani! Jamani mkono wangu!"

Fimbo yake ilikuwa imepita chini ya usukani bila kugusa kitu. Mama akajikwaa, akaanguka pamoja na skuta.

"Nani ameiweka hapa?" aliuliza akilia.

"Sijui, mama. Watu hawana adabu."

Ndivyo nilivyosema. Mdomo wangu huu huu.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika. Ukafungwa plasta wiki sita. Plasta ikatolewa, mkono ukapona, lakini mama hakutoka nje. Alikaa kitandani, mikono mapajani. Seremala alituma salamu mara mbili. Mara ya tatu alituma ujumbe: kama mama harudi Jumatatu, atatafuta msukaji mwingine.

Siku ile ile, nikitoka kwa mteja juu ya skuta, nilimkuta mfanyakazi wa kampuni ya skuta kwenye kona akibadilisha betri. Nikamvaa.

"Vyombo vyenu vimemvunja mama yangu mkono!"

"Pole sana, dada. Mama anaendeleaje?"

"Haoni, na sasa hatoki!"

"Skuta ilikuwa imeachwa wapi?"

"Ukutani."

"Na mama akitembea, anafuata nini?"

Niligeuka, nikautazama ukuta. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amesimama mbele yangu.

"Anayeona hupita katikati," akasema taratibu. "Asiyeona hushika ukuta. Ukiegemeza skuta pale, umemzibia barabara yake yote. Unaona mistari hii nyeupe? Haya ni maegesho. Isimamishe hapa kwa stendi yake, kisha tembea. Ukikuta imelala njiani, isogeze, au piga namba iliyo kwenye usukani tuje kuichukua. Na usiiendeshe kwenye njia ya miguu. Halafu, dada, kofia yako ngumu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Na kichwa umekiacha huko huko?"

Sikuweza kucheka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, ile skuta niliiweka mimi."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilisikia viatu vyako. Nilisikia ikigusa ukuta."

"Sasa mbona ulipita pale?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe. Nilisema, mwanangu hawezi kuniwekea kitu njiani." Akaukunja na kuukunjua mkono wa kushoto. "Mkono umepona. Ila kama wewe umenisahau, huko nje nani atanikumbuka?"

Nililia. Mama hakunibembeleza, na sikustahili.

Siku zilizofuata niliamka mapema. Nilifumba macho, nikaweka kiganja ukutani, nikahesabu hatua mia mbili na kumi. Siku ya kwanza niligonga skuta mbili, nikazipeleka kwenye mistari. Siku ya pili moja. Nilimweleza muuza dawa, nikamweleza kinyozi. Kinyozi akaandika kwa rangi nyekundu mlangoni pake: "Ukuta huu una mwenyewe. Usiegemeze skuta." Siku ya tatu sikugonga kitu.

Jumatatu mama alivaa viatu.

"Ukuta uko wazi?"

"Uko wazi, mama. Nimeupitia kwa mkono wangu."

Akatoka. Alikwenda polepole, vidole vikipapasa ukuta. Nilimfuata kwa mbali, roho mkononi. Alipita duka la dawa. Alipofika kwa kinyozi, akasimama bila kugeuka.

"We mtoto! Nasikia viatu vyako. Rudi ukashone."

Nikasimama pale pale. Fimbo yake ikaendelea kugonga, hatua kwa hatua, mpaka kwenye msumeno wa seremala.

Nikarudi kushona.