Gauni la Shingo Mbili

Sauti ilivuta pumzi kabla ya kuanza kusoma. Karani aliisikia waziwazi, pumzi ndefu kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi, akadhani ni spika ya simu imeanza kuchoka.

"Umeisikia hiyo?" alimuuliza dada yake.

"Nyamaza basi, tusikilize inavyosoma," alisema Bi Mkasi, sikio lake likiwa limeelekea kwenye simu iliyokuwa mezani.

Sauti ikasoma. Ilikuwa ya mwanamke, ya upole, isiyo na haraka. Maneno yalikuwa ya Bi Mkasi mwenyewe, aliyoyasema mdogo wake akayaandika: namna ya kugeuza kola iliyochakaa ili shati liendelee kuvaliwa bila aibu.

Bi Mkasi alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu mkasi ulining'inia shingoni mwake kutwa, hata akienda sokoni. Kisha kisukari kikamla macho kidogo kidogo. Kwanza tundu la sindano lilimpotea, baadaye rangi za nyuzi, mwishowe hata dirisha. Mdogo wake alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki, na jina la kazi lilikuwa limemganda hata dada yake akawa anamwita hivyohivyo. Waliishi wawili tu, mkubwa mjane, mdogo hajawahi kuolewa wala hakutaka kuulizwa.

Blogu ilikuwa wazo la Karani. Alichoka kumwona dada yake akisugua vidole kana kwamba anapapasa kitambaa ambacho hakipo. Akamwambia, "Wewe sema, mimi nitaandika." Basi wakaandika jinsi ya kushona zipu isiyocheka, yaani isiyoachia, jinsi ya kupunguza kiuno bila kuharibu mfuko, jinsi ya kumwambia mteja kwamba amenenepa bila kumpoteza. Wasomaji walikuja, na walipokuja walileta malalamiko yao. Mambo ya zamani hayaonekani. Herufi ni ndogo. Mtu akikwama aulize wapi?

Kliniki ilikuwa na fundi wa kompyuta waliyemwita Waya kwa wembamba wake. Huyo alikaa na Karani wakati wa chakula cha mchana, wakaanza kuipamba blogu. Waliweka kisanduku cha kutafutia. Waliweka kitufe cha kukuza herufi, sehemu ya maoni, na mahali pa mtu kuacha anwani yake ili aarifiwe kukiwa na jambo jipya. Cha mwisho kilikuwa kitufe cha kusoma kwa sauti, na hicho Karani alikitaka kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Hiki nimekiokota mtandaoni, cha bure," Waya alisema. "Nimetafuta jina la aliyekitengeneza sikuliona."

"Kinafanya kazi?"

"Kinasoma kama mtu."

Basi kila asubuhi Karani alipokwenda kazini, Bi Mkasi alibaki na simu yake, akibonyeza pale alipofundishwa kubonyeza, akisikiliza ufundi wake ukirudi masikioni mwake. Alichangamka. Alianza hata kuimba akiosha vyombo.

Jioni moja alicheka peke yake mezani. "Ile ya bibi harusi aliyejishona pamoja na shuka imenivunja mbavu."

"Ipi hiyo?"

"Si uliyoandika juzi."

"Dada, sijaandika kitu wiki nzima hii."

Bi Mkasi akasema labda aliota. Karani aliichukua simu, akabonyeza kitufe, akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Sauti ilisoma yale yaliyoandikwa, neno kwa neno. Ila mwishoni, badala ya kunyamaza, ilibaki. Hapakuwa na neno, lakini kulikuwa na ule ukimya wa mtu aliye upande wa pili wa simu anayekungoja uanze wewe. Karani aliizima, na kwa mara ya kwanza akanusa harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Alikwenda kuitazama pasi. Ilikuwa kabatini, baridi.

Siku chache baadaye alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni dada yake alipomwambia, "Hiyo blauzi ya kijani imekukaa vibaya mabegani."

Karani aligeuka. Macho ya Bi Mkasi, yaliyozoea kutangatanga, yalikuwa yametulia juu yake.

"Unaona?"

"Naona. Nilitaka niwe na hakika kwanza."

Walikumbatiana pale mlangoni wakalia, na Karani akachelewa kazini kwa furaha. Alimpeleka kliniki siku hiyohiyo. Daktari wa macho alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akarudia. Kisha akazima tochi na kusema kwa upole, "Mama, nasikitika. Macho haya hayaoni. Hayaitikii hata mwanga."

Bi Mkasi akamsomea jina lililoandikwa kwenye kibandiko cha koti lake, na akamwambia kifungo cha tatu kinakaribia kudondoka.

Daktari alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote, akasema warudi kumwona tena. Njiani Karani alijiambia kwamba madaktari nao hukosea. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Nyumbani, cherehani lilifunuliwa. Bi Mkasi alishona kama anayefidia miaka, kwa kitambaa cheusi alichokuwa amekihifadhi sandukuni, na hakutaka kusema anamshonea nani. Alikula kidogo, kisha akaacha kabisa kula mezani. Karani alianza kugundua kwamba dada yake hapepesi macho. Akiongea naye alijikuta yeye ndiye anayepepesa kwa ajili ya wote wawili, haraka haraka, mpaka kichwa kinamuuma. Karani hakutulia tena kwenye kiti. Kazini aliandika majina ya wagonjwa mara mbili, akainuka bila sababu, akakaa, akainuka tena.

Mchana mmoja hakuweza kuvumilia, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani wakati jua likiwa kali na mtaa umejaa watu wanaouza na kununua. Alipofika mlangoni alisikia ile sauti ya kwenye blogu ikisoma ndani, na akasikia sauti ya dada yake ikisoma pamoja nayo, maneno yaleyale kwa wakati uleule, kama watu wawili wanaokariri somo moja, ila maneno yenyewe hayakuwa ya kola wala ya zipu bali yalikuwa vipimo, urefu wa mkono, upana wa bega, mzunguko wa shingo na tena mzunguko wa shingo, na harufu ya nguo inayoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba alisukuma mlango akitegemea kukuta moshi, asikute moshi, akamkuta Bi Mkasi kwenye cherehani amempa mgongo, mguu unakanyaga, kitambaa cheusi kinamiminika kutoka mezani hadi sakafuni hadi chini ya kitanda, na mkono mmoja wa gauni hilo, mkono mmoja tu, ulikuwa mrefu kumzidi mtu mzima aliyelala.

Simu ilikuwa mezani. Ilikuwa imezimwa.

"Umewahi kurudi," alisema Bi Mkasi bila kugeuka.

Karani alijibu kwa kunong'ona, hakujua kwa nini. "Dada, hili gauni la nani?"

"La mgeni. Ananisomea, ananionyesha, na mimi namshonea. Ametembea sana hana cha kuvaa."

Karani aliinua sehemu ya juu ya gauni, na vidole vyake vikaingia kwenye tundu la shingo, kisha, karibu yake, vikaingia kwenye lingine.

"Mbona shingo mbili?"

"Moja yake," alisema Bi Mkasi. "Moja yangu. Zimebaki kola."

Usiku huo Karani hakulala, wala hakutaka kujua kama dada yake alilala. Asubuhi alimsimamia Waya mpaka akakiondoa kile kitufe. Waya alikifuta mbele yake, akamwonyesha ukurasa hauna kitu tena. Alipompigia dada yake simu kumwambia, iliyopokea ilikuwa sauti ya upole, isiyo na haraka. Ilivuta pumzi kwanza.

"Karani," ilisema, "usitusumbue. Tunamalizia."

Waya alikuwa ameisikia. Alikaa chini taratibu. "Pale kona ya kituo cha mafuta," alisema, "kuna mama anauza mitungi ya gesi. Alimtoa mtu aliyemwingia shangazi yangu. Nenda sasa hivi."

Mama Gesi hakuwa na vazi la uganga wala kibuyu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega ya kubebea mitungi, aliyefunga duka akimwambia mteja asubiri kidogo ana shughuli. Njiani alimsikiliza Karani akieleza yote, hata maneno ya daktari. Alipoingia chumbani kwa Bi Mkasi alinusa hewa kama anayetafuta mahali panapovuja, akavuta kigoda, akakaa.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Mkasi. Mguu wake haukuacha kukanyaga. "Siku moja alimaliza kusoma akauliza, nikae? Mgeni akikuuliza hivyo utamjibu nini?"

"Nitamuuliza ametoka wapi."

"Sikuuliza. Nilikuwa peke yangu."

Karani aliuma mdomo wake.

"Mimi siwezi kumtoa," Mama Gesi alisema. "Hakuingia kwa nguvu. Umemkaribisha kwa kinywa chako, umtoe kwa kinywa chako. Na ufanye kabla ya kola."

Cherehani likasimama. Ile sauti ikaanza kutoka, sasa si kwenye simu bali kifuani mwa Bi Mkasi, midomo yake ikiwa imefungwa. Haikutisha wala haikupanda. Ilisoma tu. Ilimsomea rangi za nyuzi zilizokuwa kwenye kopo, moja baada ya nyingine. Ilimsomea mwanga ulivyokuwa ukutani na vumbi lililocheza ndani yake, ilimsomea uso wa kila mtoto aliyepita dirishani, na baada ya kila kimoja iliuliza kwa upole uleule, na hiki pia unakiacha, na hiki pia, na hiki, mpaka Karani akataka kuziba masikio, na mpaka akajikuta anafikiri, Mungu amsamehe, kwamba labda gauni si kitu kibaya sana, labda watazoea, watu huzoea mengi.

"Nikimtoa anaondoka na macho," alisema Bi Mkasi.

"Macho ni yake," alijibu Mama Gesi. "Ya kwako yalishakufa. Daktari hakukuficha."

Bi Mkasi aligeuka kwenye kiti akamtazama mdogo wake. Alimtazama muda mrefu, paji la uso, mashavu, nywele za pembeni ya masikio, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Nilikuwa nakukumbuka ulivyokuwa ujanani," alisema. "Umezeeka, Karani."

"Na wewe je?" Karani alijaribu kutabasamu.

"Mimi sijui. Tangu nione sijakisogelea kioo. Niliogopa nitamkuta yeye."

Alishusha pumzi. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya kugombeza wateja waliochelewa kulipia, "Haya, mgeni, umekaa vya kutosha. Toka nyumbani kwangu. Shingo hii ni yangu."

Chumba kikavuta pumzi. Pazia lilivutwa kuelekea ndani, kitambaa cheusi kikanyanyuka sakafuni, Karani akahisi hewa ikimtoka kifuani, na pumzi hiyo haikurudishwa. Kimya kikatanda. Huko nje mtu alikuwa anabishana bei ya sabuni.

Bi Mkasi alipepesa macho. Akapepesa tena, na macho yakaanza kutangatanga kama zamani.

"Pamekuwa giza," alisema.

"Ni mchana, dada."

"Najua ni mchana."

Mama Gesi aliwaambia gauni wasilichome, walifumue lote, uzi kwa uzi. Kisha akaenda kumhudumia mteja wake. Ilibidi wafumue kwa siku kadhaa. Bi Mkasi alifumua kwa kupapasa, haraka kuliko mwenye macho, na alilia bila sauti, na Karani hakumwambia anyamaze. Tangu hapo hakukaa tena kutwa peke yake, kwani Karani alihamishia zamu zake jioni, na mchana alimsomea blogu kwa mdomo wake mwenyewe, akikosea na kurudia.

Walikuwa wakisoma maoni ya wasomaji walipokutana na la mtu mgeni kwao. Karani alianza kulisoma kwa sauti kabla hajajua linasema nini.

"Dada, nilikipenda kitufe chako cha kusomea, nikakichukua nikakiweka kwenye blogu yangu ya bustani kabla hujakiondoa. Mama yangu ni kipofu tangu nikiwa mdogo. Leo asubuhi ameniambia mapazia yetu ni machafu. Sijui nikushukuru vipi."

Mikono ya Bi Mkasi ilikuwa imetulia mapajani.

"Inabidi nimwandikie," alisema Karani. "Sasa hivi."

"Ndiyo, mwandikie." Kisha, chinichini, kama mtu anayeomba kitu ambacho anajua si haki kukiomba, Bi Mkasi akasema, "Lakini ngoja mpaka kesho. Huyo mama hajawahi kumwona mwanawe akiwa mtu mzima. Mwache leo amwangalie."

Karani alikuwa ameshaanza kuandika, akibonyeza herufi taratibu mno ili dada yake asisikie.